Picha ya Mazishi ya Baba

Vijana wa mtaani kwangu wamesikia kwamba zamani nilifanya kazi ya sinema, basi hunijia na kuniomba niwatajie picha nzuri za watu wa kweli. Hawataki za kubuni, wanasema, wanataka za watu walioishi kweli, hasa wale wa nchi za mbali wenye mila za ajabu. Huwajibu kwamba nimesahau. Naongopa. Nazikumbuka zote, na nakumbuka neno kwa neno yaliyosemwa ndani yake, kwa sababu aliyeyasema ni mimi.

Siku za Waingereza kulikuwa na gari la sinema la serikali lililozunguka vitongoji vya Dar es Salaam. Leo Temeke, kesho Magomeni, keshokutwa kwetu Buguruni. Nyuma ya gari kulikuwa na injini ya umeme iliyonguruma na kutoa moshi, na pembeni tulisimamisha miti miwili tukatandaza shuka jeupe. Picha zilikuja na maelezo ya Kiingereza yaliyopigwa chapa kwenye karatasi. Mimi nilikuwa nimesoma shule hadi nikakijua Kiingereza, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuyatia maelezo yale katika Kiswahili na kuyasoma kwenye kipaza sauti huku picha ikienda. Kazi yangu ya pili, ambayo hakuna aliyenituma, ilikuwa kuwashawishi watu waje.

Maana watu hawakuzitaka zile picha. Walitaka farasi na bastola. Ukiwaambia leo kuna picha ya kuotesha pamba au ya kuchimba choo, wanakuja kwa sababu ni bure, kisha wanapiga miluzi. Picha za watu wa kweli zilikuwa chache, na mimi ndizo nilizozipenda kuliko nafsi yangu. Zikifika tu, alasiri nilikuwa nimeshika pembe ya bati ya kupazia sauti napita uchochoro kwa uchochoro. Nikiona watu wanacheza bao, nasimama. Nikiona kina mama kisimani, nasimama. Nawaambia leo msikose, leo mtawaona watu wanaoishi juu ya maji, kisiwa chao wamekifuma wenyewe kwa matete, nyumba ya matete, kitanda matete, hata moto wanakoka juu ya matete. Mtu akiniuliza farasi yupo, namgeuzia mgongo.

Nilikuwa na kiburi. Niliamini kwamba mimi peke yangu, kati ya Buguruni na Tabata, ndiye niliyejua picha ipi ina maana.

Kulikuwa na nyingine ya wachungaji waliotembea kutwa juu ya magongo marefu kwa sababu nchi yao ilikuwa tope. Niliwapigia debe juma zima. Siku ya kuionyesha, nilipoona watu wanaanza kuchoka, nikaacha karatasi nikatia maneno yangu. Nikasema hawa nao akili zao zimebaki juu pamoja na vichwa vyao, na kwamba mke akimkasirikia mume hana haja ya fimbo, anamwondolea gongo tu. Watu walicheka mpaka wakajishika mbavu. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba wachungaji wale wana mama zao.

Mama yangu hakukosa picha hata moja. Alikaa mbele kabisa, juu ya mkeka wake, kanga kichwani, na picha ikiisha alinisubiri nifungashe vyombo ili turudi pamoja. Njiani alikuwa na swali moja tu, lile lile kila siku. Wakifa wanazikwa wapi hawa? Watu wa matete alitaka kujua kama wanatupwa majini. Wachungaji wale alitaka kujua nani anawaosha. Picha hazikusema. Alikuwa akisema, "Sasa umenionyesha nini, mwanangu? Umenionyesha nyumba, hujanionyesha watu." Nikalichukua neno lile nikaliweka kichwani, nikaanza kuota kwamba siku moja itapigwa picha yetu sisi, na ndani yake mtu atazikwa.

Wakaja wapiga picha. Walikuwa Wazungu wawili, walitumwa kutengeneza picha ya maisha ya Waafrika wa vitongojini, na bwana mkubwa wa ofisi yetu akanitoa mimi niwaongoze. Niliwapeleka kila mahali. Walipiga wanawake wanaosuka ukili, walipiga soko, walipiga mafundi wa baiskeli. Jioni mkubwa wao alikuwa akikunja uso na kuniuliza kama hatuna jambo letu wenyewe, jambo lisilopatikana kwingine. Nilimwambia avute subira. Sikujua nasema nini.

Katika juma la tatu baba yangu akafa. Alikuwa fundi wa kuezeka makuti, mtu mzito wa kusema, aliyekuwa na tabia ya kujikohoza mlangoni kabla ya kuingia nyumba yoyote, hata yake mwenyewe. Homa ilimlaza siku nne, ya tano akaondoka alfajiri.

Hapa inabidi niseme juu ya mtani, kwa sababu yote yaliyofuata yanatokana naye. Sisi ni Wazaramo, na Wanyamwezi ni watani wetu tangu enzi za misafara, walipokuwa wakishuka pwani na meno ya tembo vichwani. Mtani hukutukana hadharani nawe hukasiriki, huchukua kuku wako nawe humdai. Na siku ya msiba ndiyo siku yake hasa. Yeye ndiye mwenye haki ya kumcheka maiti, kumwiga, kulizuia jeneza, kulala kaburini na kukataa kutoka. Anafanya hivyo ili waliofiwa wasipasuke. Mtu asiyeletewa utani kwenye msiba wake amezikwa kama mkiwa. Hayo kwetu hayaelezwi, mtoto anayanyonya.

Baba alikuwa na mtani wake, mzee mmoja wa Kinyamwezi aliyeuza tumbaku pale Buguruni. Kwa miaka yote niliyowajua hawakupata kuamkiana kwa adabu. Mzee yule alimwita baba mtumwa wake, baba alimwita mzigo uliosahauliwa na msafara. Na mimi, kila aliponikuta na pembe yangu, aliniambia, "Wewe mtoto wa mtumwa wangu, umekosa kazi mpaka unawaita watu waje kutazama kivuli?" Nilicheka. Ndivyo alivyonipenda.

Asubuhi ile ya msiba, baba yangu bado hajaoshwa, mimi nilifikiri juu ya picha. Naliandika hili jinsi lilivyo. Niliingia chumbani kwa mama, nikapiga magoti, nikamwambia wale Wazungu wako mjini, niwaite wapige jinsi tunavyozika, dunia ione. Wanawake waliomzunguka wakanitazama kana kwamba nimevuliwa nguo. Mama akanigeukia.

"Watamwona mtani akifanya mambo yake," akasema. "Watamjuaje kuwa ni mtani?"

"Nitawaambia."

"Na hao watakaoitazama huko, nani atawaambia?"

"Mie, mama. Maneno yote ya picha nayasema mie. Hayasemwi na mtu mwingine."

"Basi sema vizuri," akasema mama. "Baba yako asionekane kazikwa na wahuni."

Nikamwahidi. Nikaenda mwenyewe kuwaita.

Mzee wa tumbaku alifika saa tatu na Wanyamwezi wenzake watatu. Kitu cha kwanza alikwenda moja kwa moja kwenye kigingi cha baba, akachukua kanzu yake akaivaa, kofia yake akaitia kichwani, kisha akasimama mlangoni kwa mama akajikohoza. Mkohozo ule ule wa baba, mara mbili, na wa tatu wa kuvuta kamasi. Akaingiza kichwa, akasema kwa sauti ya baba, "Mchuzi umetiwa chumvi leo, au tunakula kwa matumaini?" Mama alikuwa analia. Akatazama ile kanzu, akacheka. Alicheka huku machozi yanamtiririka, akajifunika kanga, akacheka ndani ya kanga. Mzungu mmoja alikuwa amesimama uani na mashine yake ya kupigia picha, akageuka haraka akaupata uso wa mama kupitia mlangoni kabla haujafunikwa.

Walipotaka kulitoa jeneza, mzee akajilaza kizingitini. Akasema mtumwa wake amekufa bila ruhusa, haendi popote mpaka atolewe jogoo. Akapewa jogoo. Akasema jogoo huyu amekonda, kafanana na marehemu. Makaburini akatangulia kushuka, akajinyoosha ndani ya kaburi, akasema nyumba hii kaijenga yeye kwa jembe lake, mwenye kuitaka akatafute yake. Wakamvuta mikono. Alipotoka nilikuwa karibu, nikamwona uso. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba. Mashine haikulipiga hilo, ilikuwa inatiwa mkanda mpya.

Mkubwa wa wale Wazungu alinipa mkono siku ile, akaniambia nimemletea kitu kikubwa. Nilifurahi. Baba yangu alikuwa na saa moja ardhini.

Picha ilikwenda Ulaya kuunganishwa. Eda ya mama ilikwisha, miezi ikapita, mpaka siku moja bwana mkubwa akanijulisha kwamba mikebe imefika na ya kwanza kuonyeshwa itakuwa Buguruni, kwa kuwa ndiko ilikopigwa. Sijapata kuitangaza picha kama nilivyoitangaza ile. Nilipita na pembe siku sita. Nilikwenda mpaka Tabata, wakati huo mashamba matupu, nikawaambia wapalilia mihogo. Niliwaambia mmeona watu wa matete na watu wa magongo, sasa mtajiona wenyewe. Niliingia kibandani kwa mzee wa tumbaku, nikamwambia akae mbele. Akasema atakuja kuona kama weupe wamemfanya mzuri kuliko alivyo. Mama alifua kanga mpya.

Karatasi ya maelezo niliipata alasiri ya siku yenyewe, ndani ya gari. Niliisoma mara ya kwanza nikafikiri Kiingereza changu kimenipotea. Nikaisoma tena.

Haikuwa na neno mtani. Ilisema kwamba kwa watu hawa kifo hakina uzito. Ilisema mazishi kwao ni pombe na mchezo. Mzee wa tumbaku, ambaye hakupata kuonja pombe maishani, waliandika kwamba ni mlevi aliyevaa nguo alizoiba kwa maiti. Na penye uso wa mama waliandika kwamba mjane anacheka, maana bado hajafikia kujua huzuni kama tuijuavyo sisi.

Nilimfuata bwana mkubwa, alikuwa anakunywa chai chini ya kivuli cha gari. Nikamwambia, bwana, hapa pana kosa, yule si mlevi, yule ni mtani. Yeye Kiswahili alikijua sawasawa, alikuwa amekifanyia mtihani, na alikaa nchini miaka mingi. Hakuniuliza mtani ni nini. Alijua. Akasema, "Mimi sikuiandika, wala wewe hukuiandika. Soma kilichopo. Nitakuwa nimekaa nyuma yako na karatasi yangu." Kisha akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba jina langu limepelekwa kwa ajili ya kwenda kusomea kupiga picha, na majibu yanatazamiwa.

Wengi niliowahi kuwasimulia wanasema, ungefanyaje, ulikuwa mtu mdogo. Waache. Nilikuwa na saa tatu nzima na kalamu mkononi. Hakuna aliyenipa Kiswahili kile, nilikitafuta mwenyewe, neno baada ya neno. Penye mlevi niliandika mlevi. Ningeweza kuumwa tumbo. Ningeweza kukata waya wa kipaza sauti. Nilikaa ndani ya gari nikaandika kwa mwandiko mzuri, kwa sababu nilitaka kwenda kusomea kupiga picha.

Walikuja watu wengi kuliko siku zote. Picha ilipoanza walishangilia, kila mtu anamwonyesha mwenzake, yule fulani, ule mlango wetu, ile baiskeli yangu. Nilisoma habari za soko na za ukili, wakawa wanaitikia. Kisha akatokea mzee wa tumbaku ndani ya kanzu ya baba, na kicheko kilichotoka kilikuwa cha mapenzi matupu. Hata waliokuwa msibani siku ile walicheka upya. Nikakivuka kicheko kile kwa sauti yangu. Nilisema kwa watu hawa kifo hakina uzito. Nilisema mlevi huyu amevaa nguo alizoiba kwa maiti.

Kicheko kilikatika nusunusu, wa mbele waliosikia vizuri wakanyamaza kwanza, wa nyuma wakaendelea kidogo wakauliza kasema nini. Nyuma yangu nilisikia bwana mkubwa akigeuza ukurasa. Ukaja uso wa mama, mkubwa, umejaa shuka zima, machozi yake hayaonekani kwa sababu picha ilikuwa imepauka, meno tu ndiyo yaliyoonekana. Nikasoma. Mjane anacheka, nikasema, maana bado hajafikia kujua huzuni.

Mama alikuwa amekaa hatua kumi kutoka nilipo. Hakugeuka nyuma. Aliitazama picha mpaka mwisho, kaburi, jogoo, yote. Ilipoisha alikunja mkeka akaondoka, hakunisubiri.

Nilimkuta nyumbani amekaa kitandani na kanga yake mpya. Nikaanza kusema karatasi ilitoka Ulaya, bwana mkubwa alikuwa nyuma yangu. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Sauti ilikuwa yako," akasema.

Hakulirudia tena neno hilo mpaka anaingia kaburini. Aliendelea kunipikia, kunifulia, kuniombea dua. Ila kwenye picha hakwenda tena, wala hakuniuliza tena watu wa mahali popote wanazikwaje.

Asubuhi yake nilikwenda kibandani kwa mzee wa tumbaku. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nayahitaji. Nikamwamkia shikamoo. Akaacha kupima tumbaku, akasimama, akanifutia kigoda kwa kitambaa.

"Marahaba, bwana," akasema. "Karibu ukae. Nyumbani hawajambo?"

Nikajaribu mimi. Nikamwambia, "Wewe mzigo uliosahauliwa, unanipa kigoda tangu lini?" Alitabasamu kama mtu anavyotabasamu kwa karani wa mahakama. Akasema hewala, bwana, akaniuliza kama nahitaji tumbaku. Wenzake walionizoea waliokuwa wakininyang'anya kofia njiani nao wakaanza kunipisha. Barabara yote ikawa na heshima. Sijui kama kuna mtu aliyepata kuheshimiwa Buguruni kama nilivyoheshimiwa mimi miaka ile.

Ya kwenda kusoma hayakujibiwa. Gari la sinema nililiacha mwenyewe baadaye, nikaenda kuwa karani wa ghala. Pembe ya bati nilimpa muuza samaki.

Mama alikufa Mwingereza akiwa bado yupo, mwezi wa mvua kubwa. Nikatuma habari kila mahali, na mtu wa kwanza niliyemtumia alikuwa mzee wa tumbaku. Alikuja. Alikuja na wenzake watano, wamevaa kanzu zao wenyewe, safi, zimepigwa pasi. Wakavua viatu mlangoni. Wakanipa pole mmoja mmoja, wakakaa mkekani pamoja na wageni wa mbali, wakainamisha vichwa.

Nikangoja. Maiti ikaoshwa, nikangoja. Wanawake walikuwa wanalia ndani kilio cha moto, hakuna wa kukikata, na kila aliyenijua alimtazama mzee kisha akanitazama mimi. Mwisho nilishindwa. Nikaichukua kanga ya mama ya kushindia, nikaenda nayo mpaka mkekani, nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia, mzee wangu, huyu hakukukosea. Ivae kanga yake. Msemee neno moja tu. Sema mchuzi wake ulikuwa maji.

Aliipokea kanga kwa mikono miwili. Akaikunja vizuri, pindo kwa pindo, akaniwekea magotini.

"Pole sana, bwana," akasema. "Mungu amrehemu. Alikuwa mama mwema."

Tukaliinua jeneza. Kizingitini nilipunguza hatua, nikamwacha aliye mbele yangu avute, nikangoja mtu ajilaze, adai kuku, aseme mjakazi wake hatoki. Walikuwa wamesimama pande mbili za mlango, mikono wameiweka mbele, wametupisha njia. Mama yangu akatoka.